MALI NA SIHA: JE, KILA SHILINGI HUNUNUA UMRI?



Siha ni neema ambayo mtu haitambui kadiri yake mpaka impotee. Hapana nyumba katika mwambao wetu ambayo akiugua mtu wake haitofungua sanduku. Huuzwa dhahabu ya mama, huwekwa rehani shamba, hukopwa kwa jamaa wa karibu na wa mbali, na mgonjwa husafirishwa, ikibidi, hata ng'ambo ya bahari. Na lile linalofanywa na nyumba ndilo linalofanywa na dola, ila kwa mafungu makubwa zaidi: kila mwaka bajeti husomwa, na kila mwaka watu hutaka fungu la afya liongezwe.

Jambo hili ni jema. Walakin liko suala moja ambalo halina budi kuulizwa na kila mwenye kutoa mali yake. Je, kila fedha zikiongezwa, siha ya watu nayo huongezeka? Au iko hadi ambayo ikishavukwa, fedha huwa zinakwenda mbio na umri wa watu umesimama pale pale? Suala hili limewashughulisha wataalamu kwa miaka 50 na zaidi, na jawabu lake linamgusa waziri wa fedha kama linavyomgusa baba wa watoto watano anayehesabu shilingi zake mwisho wa mwezi. Basi tulitafute jawabu hilo katika tarikhi, kwani tarikhi ni daftari ya wanaadamu, na wazee wetu wa biashara walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

MAJI KABLA YA DAWA

Mwaka 1854 kipindupindu kiliingia katika mtaa wa Soho, London, na kwa muda wa majuma machache kiliua watu zaidi ya 600. Daktari mmoja aitwaye John Snow alizunguka nyumba kwa nyumba akiwauliza wafiwa walikuwa wakiteka wapi maji yao, akaona kuwa wengi wao walikuwa wakinywa kutoka bomba moja lililokuwa Broad Street. Tarehe 8 Septemba mpini wa bomba lile ukaondolewa. Kweli, wakati huo maradhi yalikuwa yameshaanza kupungua kwa kuwa watu wengi walikwisha kuuhama mtaa. Lakini somo lilibaki, kwamba maradhi yalikuwa yakipita katika maji.

Miaka minne baadaye, katika joto la mwaka 1858, mto Thames ulinuka hata wabunge wakashindwa kukaa katika Bunge lao lililo kando ya mto huo. Ndipo fedha zilipotolewa, na mhandisi Joseph Bazalgette akajenga mifereji mikubwa ya chini ya ardhi ya kuchukua uchafu wa mji. Kipindupindu kikarudi London mwaka 1866, na watu waliokufa kwa wingi walikuwa wa upande wa mashariki, ambako mifereji ile ilikuwa haijakamilika. Baada ya hapo mji ule haukupata tena msiba mkubwa wa maradhi hayo. Na angalia sana, ndugu msomaji: Robert Koch hakukitambua kijidudu cha kipindupindu mpaka miaka ya 1883 na 1884, alipokuwa Misri na India. Maji safi na mifereji vilikwisha kuokoa maelfu ya watu kabla matabibu hawajakubaliana adui yao ni nani.

Na sisi wa mwambao tunayo habari yetu. Mwaka 1869 kipindupindu kiliteremka na misafara kutoka bara, kikapita nchi ya Wamasai mpaka Pangani, na kutoka Pangani kikavuka na majahazi mpaka Unguja. Maelfu ya watu walikufa. James Christie, tabibu wa Kiskoti aliyekuwa akifanya kazi Unguja, aliifuatilia njia ya maradhi hayo na kuiandika katika kitabu kilichotoka London mwaka 1876.

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, hakuwa na dawa ya maradhi yale. Hazina yake nayo ilikuwa imepata pigo, kwani tufani ya mwaka 1872 iling'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Juu ya hayo aliyavuta maji safi kutoka Chemchem, nje ya mji, yakafika kwa mabomba mpaka Mji Mkongwe. Sultani yule alijenga majumba mengi yanayotazamwa na wageni mpaka leo. Lakini ukiuliza ni kitu gani kati ya alivyovijenga kilichokuwa na manufaa zaidi kwa miili ya watu wake, jawabu ni yale maji.

MSTARI UNAOPINDA

Mwaka 1975 mtaalamu wa Kimarekani wa hisabu za watu, Samuel Preston, alichapisha utafiti ambao husomwa mpaka leo. Alichukua nchi nyingi, akaandika pato la kila nchi kwa mtu mmoja, na mbele yake akaandika wastani wa miaka ambayo mtu wa nchi hiyo hutarajiwa kuishi. Akafanya hivyo kwa nyakati tatu: mwanzo wa karne ya 20, miaka ya 1930 na miaka ya 1960.

Aliona mambo mawili. La kwanza, katika nchi maskini pato likiongezeka kidogo, umri huongezeka sana. Lakini katika nchi tajiri pato huongezeka sana na umri huongezeka kidogo mno. Mstari hupanda kama ngazi, kisha hulala kama paa. La pili, mstari wote ulikuwa ukinyanyuka juu kadiri miaka ilivyopita: nchi yenye pato lile lile iliishi miaka mingi zaidi katika miaka ya 1960 kuliko katika miaka ya 1930. Preston alikisia kwamba kati ya asilimia 75 na 90 ya nyongeza ya umri iliyopatikana baina ya nyakati hizo mbili haikutokana na kuongezeka kwa pato. Ilitokana na mambo mengine: chanjo, elimu, kuua mbu, na maarifa ya usafi.

Preston alipima pato la nchi, hakupima matumizi ya hospitali peke yake. Hata hivyo somo lake linatuhusu, nalo ni kwamba umri wa watu hauendi sambamba na uzito wa mfuko.

Ushahidi ulikuja karibu kabisa na sisi, miaka miwili tu baada ya utafiti ule. Ndui iliua na kupofusha watu tangu enzi za kale, na chanjo yake ilijulikana tangu Edward Jenner alipoifanyia majaribio mwaka 1796. Mwaka 1967 Shirika la Afya Duniani lilianza kampeni kali ya kuifuta kabisa. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Oktoba 1977 katika mji wa Merca, pwani ya Somalia. Jina lake ni Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali. Alipona, na tarehe 8 Mei 1980 dunia ikatangaziwa kwamba ndui imekwisha. Kampeni yote ile, kwa dunia nzima, iligharimu kiasi cha dola milioni 300. Maalin mwenyewe baadaye aliingia katika kazi ya kuwashawishi wazazi wawachanje watoto wao dhidi ya polio, na akafariki mwaka 2013 akiwa katika kazi hiyo.

Katika miaka hiyo hiyo Tanzania ilifanya jambo lake. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima kiasi cha milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kusoma vitabu vidogo juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Watu walichimba vyoo na kufyeka majani kwa mikono yao wenyewe. Na Septemba 1978 mataifa yalipokutana Alma-Ata yalikubaliana kwamba msingi wa afya ni huduma ya kwanza, ile iliyo karibu na mlango wa mwananchi.

MFANO WA OMAN

Mtu anaweza kusema: basi fedha hazina kazi. La, hasha. Tuitazame Oman, nchi ambayo wengi wetu tuna jamaa ndani yake.

Mwaka 1970, Sultan Qaboos alipochukua utawala, nchi nzima ilikuwa na hospitali mbili tu na skuli tatu. Zaidi ya mtoto mmoja katika kila watano alikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Kisha mapato ya mafuta yakaanza kutumika. Zikajengwa zahanati katika wilaya za milimani na jangwani, barabara za kuzifikia, na mabomba ya maji. Watoto wakachanjwa, na watoto wa kike wakaingizwa skuli. Leo watoto wanaokufa kabla ya miaka mitano ni kiasi cha mmoja katika kila mia. Mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani lilipozipanga nchi, Oman ilikuwa ya kwanza duniani kwa jinsi ilivyopata siha nyingi ikilinganishwa na ilichotumia. Mwaka 2010 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, baada ya kuzitazama nchi 135 kwa miaka 40, liliitaja Oman kuwa iliyopiga hatua kubwa kuliko zote.

Fedha za Oman zilifanya kazi kwa sababu mbili. Zilikuta nchi iliyo chini ya ngazi, mahali ambapo kila daraja ni refu. Na zilianzia pale ambapo watu walikuwa wakifa: kwa mtoto mchanga, kwa mama mzazi, na kwenye kisima.

MFANO WA MAREKANI

Sasa tuitazame nchi iliyo juu ya paa. Mwaka 1960 Marekani ilitumia kwa matibabu asilimia 5 ya pato lake la taifa, na umri wa kutarajiwa ulikuwa karibu miaka 70. Mwaka 2023 ilitumia asilimia 17.6, yaani dola trilioni 4.9, zaidi ya dola 14,000 kwa kila mtu. Hapana nchi duniani inayotumia kama hivyo. Na umri? Mwaka 2014 ulikaribia miaka 79, kisha ukaanza kurudi nyuma. Mwaka 2021, kwa maradhi ya korona na kwa vijana wengi waliouawa na madawa ya kulevya, ulishuka mpaka miaka 76.4, na mwaka 2023 ulipanda tena hadi 78.4. Wakati huo huo Wajapani, wanaotumia fungu dogo zaidi la pato lao, huishi kiasi cha miaka 84. Na Costa Rica, nchi ndogo iliyovunja jeshi lake mwaka 1948, watu wake huishi kiasi cha miaka 80 kwa matumizi ambayo ni sehemu ndogo mno ya yale ya Mmarekani.

Wamarekani wenyewe walilichungua jambo hili. Tangu 1974 mpaka 1982 shirika la RAND liliwachukua watu zaidi ya 7,000, likawagawa kwa kura: baadhi yao wakatibiwa bure, na wengine wakachangia gharama. Waliotibiwa bure walitumia matibabu mengi zaidi, lakini siha yao kwa jumla haikuwa bora kuliko ya wenzao. Ila tia maanani jambo moja ambalo wengi hulisahau wanapousimulia utafiti huu: maskini waliokuwa na presha ya damu walifaidika kweli kweli kwa kutibiwa bure. Nyongeza ile haikumfaa mwenye kutosheka, ikamfaa mhitaji.

Mwaka 2006 wataalamu wengine, David Cutler na wenzake, walihesabu kila mwaka mmoja wa umri ulioongezeka Marekani tangu 1960 mpaka 2000 uligharimu nini katika matibabu. Kwa wastani wa miaka yote 40 walipata kiasi cha dola 20,000, na wakasema thamani hiyo ni ya haki. Lakini katika miaka ya 1970 mwaka mmoja wa umri uligharimu kiasi cha dola 7,400. Katika miaka ya 1990 ulifika kiasi cha dola 36,000. Na kwa wazee waliotimiza miaka 65 ulifika dola 145,000. Bidhaa ni ile ile, bei inazidi kupanda.

Kwa nini? Sababu ni nyingi, nasi tutataja nne. Kwanza, bei: siku ya kulala hospitali, dawa, na kazi ya daktari vyote vina bei kubwa zaidi Marekani kuliko nchi nyingine tajiri, na fedha nyingi huishia katika makaratasi ya bima. Pili, maradhi mepesi kuyazuia yalikwisha kuzuiwa, yakabaki yale ya moyo, saratani na sukari, ambayo kuyatibu ni kazi ya miaka na miaka. Tatu, mengi yanayowaua watu leo huanzia mbali na hospitali: katika sahani ya chakula, sigara, bunduki, gari na madawa ya kulevya. Nne, fedha hazigawanyiki sawasawa. Mmoja hupimwa mara kumi na mwenzake hapimwi hata mara moja.

DAWA NAYO INA HAKI YAKE

Tusije tukavuka mpaka upande wa pili. Wako waliosema kwamba dawa hazina kazi kubwa katika umri wa watu, wakatoa ushahidi kuwa kifua kikuu kilikuwa kikipungua Uingereza muda mrefu kabla ya dawa ya streptomaisini kufika huko mwaka 1947. Habari hiyo ni ya kweli, na aliyeieneza khasa ni Thomas McKeown. Lakini haimaanishi kwamba mgonjwa wa kifua kikuu wa leo aambiwe asubiri chakula bora na madirisha mapana.

Tazama maradhi ya ukimwi. Mwaka 2000 dawa zake za mwaka mmoja kwa mgonjwa mmoja zilikuwa zaidi ya dola 10,000, na watu wa nchi zetu walikuwa wakizikwa kila siku. Mwaka 2001 kampuni ya Cipla ya India ilijitolea kuziuza kwa kiasi cha dola 350. Baada ya hapo misaada mikubwa ya kimataifa ilianza mwaka 2002 na 2003, na mamilioni ya watu waliokuwa wakingoja kaburi walirudi makazini na kulea watoto wao. Hapa fedha za dawa zilirudisha uhai, na hapana awezaye kulikanusha hilo.

Tazama tena mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh. Katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon nchini India kipindupindu kilizuka, na chupa za maji ya kutia mishipani zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya maji, chumvi na sukari, akawapa jamaa wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo, vilivyokuwa kiasi cha 30 katika kila wagonjwa 100, vikashuka chini ya vinne. Ilikuwa dawa kamili, yenye elimu kamili, kwa senti chache.

Na liko jambo la tatu, ambalo ni onyo khasa kwa Unguja na Pemba. Katika miaka ya 1950 na 1960 ilifanyika kampeni ya kufuta malaria visiwani kwa kupiga dawa majumbani. Malaria ikapungua sana. Mwaka 1968 kampeni ikasimamishwa, na malaria ikarejea. Tangu mwaka 2003, kwa dawa mpya mseto na kisha kwa vyandarua na kupiga dawa tena, ilipungua mpaka ikawa haipatikani hata kwa mtu mmoja katika kila mia. Mwenye kusema sasa "malaria imekwisha, fedha zipelekwe kwingine" na aisome kwanza habari ya mwaka 1968. Ziko fedha ambazo haziongezi siha mpya, lakini ndizo zinazoishikilia ile iliyopo.

NYUMBA ZETU

Basi jawabu la suala letu ni hili. Fedha zikiongezwa bado huzaa siha, lakini hazizai kila mahali kwa kadiri moja. Huzaa sana zinapomfikia asiyekuwa na kitu, zinapozuia kabla ya kutibu, na zinapodumu. Huzaa kidogo zinapolundikwa juu ya mwenye kutosheka. Aprili 2001 viongozi wa Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya, na nchi nyingi hazijaifikia ahadi hiyo. Tuna haki ya kuwadai. Lakini tukidai, tuulize pia fungu hilo litakwenda wapi.

Wakale wetu walilijua jambo la kudumu. Sultan Qalawun alipojenga hospitali yake Cairo mwaka 1284, aliiwekea wakfu ambao mapato yake yaliwalisha na kuwatibu wagonjwa, tajiri na maskini, baada ya yeye mwenyewe kwisha kufa. Na hapa kwetu vilichimbwa visima kando ya misikiti, vikanywesha vizazi ambavyo havikumjua mchimbaji.

Na wewe, ndugu msomaji, iangalie nyumba yako kama dola ndogo. Simwambii mtu amwache mgonjwa wake. Kumhudumia ni wajibu, na machozi ya mama hayapimwi kwa hisabu. Ninasema tusingoje mpaka siku ya kuuza shamba. Kupimwa presha ni jambo la dakika chache, na presha isiyopimwa humwangusha mtu kwa kiharusi akiwa bado ana watoto wa kulea. Sukari ikijulikana mapema hutunzwa. Ikichelewa hukata mguu na kupofusha macho. Chanjo ya mtoto, chandarua kisichotoboka, kisima chenye kifuniko, choo kilicho mbali na maji, chumvi na sukari kidogo katika vyakula na chai yetu, na kuacha sigara: vyote hivi, ukivijumlisha kwa mwaka mzima, havifiki nauli ya mgonjwa mmoja kwenda India.

Iko pia michango yetu ya mtaani. Jirani akitaka kupelekwa ng'ambo, tunachanga kwa siku mbili, na hiyo ni sifa yetu njema. Lakini bomba la mtaa likivunjika, hupita miezi na kila mmoja anamngoja mwenziwe. Laiti tungechangia bomba kwa moyo ule ule tunaochangia safari, pengine safari nyingine zisingehitajika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa maradhi hujengwa kwa dhahabu ya mama.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atupe akili ya kuitumia mali kabla ya maradhi kama tunavyoitumia baada yake. Amin.